Sentensi Gani Mfanyakazi Anapewa Aseme? Historia Fupi ya Darasa la Kiingereza cha Kazini

Wengi wetu katika chama hiki tuna mzazi, shangazi au babu aliyekaa darasani akiwa mtu mzima kufundishwa Kiingereza cha kazini. Si Kiingereza cha mashairi wala cha mtihani, bali kile cha kumwambia msimamizi kwamba mashine imekwama, au cha kupiga simu asubuhi kusema unaumwa. Sisi watoto tuliokulia huku huwa tunayaona madarasa hayo kama jambo dogo, karatasi mbili tatu na mazungumzo ya kuigiza. Nimesoma habari zake kwa ajili ya kozi yangu ya isimujamii, nikaona kwamba yana historia ndefu, tena yenye ugomvi ndani yake. Ugomvi wenyewe ni huu: mfanyakazi anapewa sentensi gani za kusema, na nani mwingine anatakiwa akae darasani pamoja naye?

Nitaeleza madarasa mawili, moja la Marekani na moja la hapa London. Kati yao nitapitia Kenya kidogo, kwa sababu huko mambo yalikwenda kinyumenyume.

Tuanze Highland Park, Michigan, karibu na Detroit. Kiwanda cha Ford kilifunguliwa huko mwaka 1910, na mwaka 1913 kikaanza kuunda magari kwa mstari unaotembea: gari linasogea, mfanyakazi amesimama, na kila mmoja ana kazi yake moja ya kurudia siku nzima. Kazi ilichosha na watu waliikimbia. Mwaka huo kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya watu 52,000 ili ibaki na wafanyakazi kama 14,000 tu. Januari 1914 Henry Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya maradufu ya ule wa zamani. Lakini dola hizo zilikuja na masharti. Kitengo maalumu cha kampuni kilituma wakaguzi majumbani kuangalia kama mfanyakazi anaishi kwa namna inayompendeza tajiri: kama anaweka akiba, kama hanywi sana, kama nyumba yake ni safi. Na kwa kuwa wengi wao walikuwa wahamiaji (uchunguzi wa mwaka 1914 ulionyesha kwamba asilimia 71 walizaliwa nje ya Marekani), shule ya Kiingereza nayo ikafunguliwa mwaka huohuo.

Aliyeitwa kuipanga ni Peter Roberts wa YMCA, ambaye tangu mwaka 1909 alikuwa na kitabu chake cha kufundishia wahamiaji Kiingereza. Mbinu yake kuu aliichukua kwa Mfaransa François Gouin. Tendo moja la kila siku linakatwakatwa kuwa vitendo vidogo vinavyofuatana, na kila kitendo kinapewa sentensi yake fupi. Chukua kuamka asubuhi: ninafumbua macho, ninaondoa shuka, ninashuka kitandani, ninavaa. Mwalimu anasema sentensi huku akiigiza kwa mikono na mwili mzima, wanafunzi wanamfuata kwa sauti na kwa vitendo, mpaka mfuatano wote ukae kichwani. Mada zilikuwa za nyumbani, za kiwandani na za dukani. Kozi nzima ya Ford ilikuwa na masomo 72, na walimu wake walikuwa wafanyakazi wenzao waliojitolea.

Kama zoezi la darasani, mimi nalisifu. Fikiria chumba kimoja chenye Mpolandi, Mwitaliano, Mromania na Msiria. Utatafsiri kwa lugha ipi? Mwili ndio uliotafsiri. Hata mwalimu wetu wa Kiswahili katika darasa la wanaoanza hufanya vivyo hivyo anapofundisha kupika chai, na hakuna anayesahau neno kijiko baada ya hapo.

Lakini angalia sentensi zenyewe zimejengwaje. Ni ninafanya hiki, ninafanya kile, moja baada ya nyingine. Hakuna anayejibu. Hakuna sentensi ya kuuliza kwa nini, wala ya kusema sikuelewa, rudia. Ni lugha iliyopangwa kama mstari wa kuundia magari. Na wanafunzi walikuja kabla au baada ya zamu, kwa muda wao wenyewe bila malipo, na kwa asiyejua Kiingereza kuhudhuria kulikuwa lazima.

Sherehe ya kuhitimu ndiyo inayosimuliwa zaidi. Jukwaani kuliwekwa picha ya meli, na mbele yake chungu kikubwa. Wahitimu walishuka kutoka melini wamevaa nguo za makwao, wakaingia chunguni, walimu wakakoroga kwa miiko mirefu, kisha wakatoka upande wa pili wamevaa suti za Kimarekani na kushika bendera ndogo. Sitaki kuwacheka watu wale. Kwa mtu aliyetoka kijijini na njaa, ile suti haikuwa mzaha. Ila chungu kilikuwa cha wafanyakazi peke yao. Hakuna msimamizi aliyetakiwa kuingia humo.

Sasa Kenya. Huko, wakati wa ukoloni, aliyejifunza lugha ya kazi alikuwa mwajiri. Mlowezi wa Kizungu aliyetaka shamba lake lilimwe alihitaji Kiswahili, na vitabu viliandikwa kwa ajili yake. Kimojawapo ni cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936, kilichosema wazi kwamba ni mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Unaweza kudhani hapo mambo yamekaa sawa, kwa kuwa mkubwa ndiye anayeketi na kitabu. Lakini Kiswahili cha walowezi, ambacho baadaye wanaisimu walikiita Kisetla, kilikuwa na ngeli zilizovunjika na vitenzi vingi vya amri: lete, ondoa, fanya upesi. Ndiyo lugha ile ambayo babu zetu wa pwani wakiisikia hukunja uso. Kwa hiyo hata anayejifunza akiwa ni mwajiri, bado kuna swali la sentensi alizochagua kujifunza. Aliyejifunza kuamrisha tu hakujifunza kusikiliza.

Nimepitia Kenya pia kwa sababu baadhi ya watu wa darasa langu la pili walitoka huko. Baada ya uhuru, Wahindi wengi wa Kenya na Uganda waliokuwa na pasipoti za Uingereza walihamia hapa. Wa Kenya walianza kuja kwa wingi mwaka 1967 na 1968, kabla ya sheria ya mwaka 1968 kuwabania mlango. Wa Uganda walipewa siku 90 na Idi Amin, Agosti 1972, na karibu 28,000 wakafika Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaambia wasiende kwao, na bado wengi walikwenda. Southall, magharibi ya London, kulikuwa tayari na Wapanjabi waliotoka India moja kwa moja, wakaongezeka Masingasinga wa Afrika Mashariki, wale ambao Wakenya waliwaita Kalasinga, wengi wao wakiwa watoto na wajukuu wa mafundi wa reli. Walikijua Kiswahili cha karakana na cha sokoni. Baadhi yao walikuwa wamezoea kuagiza kwa Kiswahili, na sasa walijikuta wakiagizwa kwa Kiingereza, katika viwanda vya mpira, vya vyakula na kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow ulio jirani.

Viwandani kulikuwa na moto. Wapanjabi wa kiwanda cha mpira cha Woolf, Southall, waligoma mwaka 1965. Wafanyakazi wa Mansfield Hosiery kule Loughborough waligoma mwaka 1972 kwa sababu kazi nzuri zilikuwa za Wazungu tu. Mwaka 1974 ikawa zamu ya Imperial Typewriters, Leicester, ambako wagomaji wengi walitoka Afrika Mashariki. Serikali na waajiri walitafuta dawa, na moja ya dawa waliyoikubali ilikuwa lugha. Ni katika mwaka huo huo wa 1974 ndipo serikali ilipoanza kulipia vituo vya kufundisha lugha viwandani katika sehemu mbalimbali za nchi, na kituo chao cha kitaifa kikawekwa Southall, ambako kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza katika kituo cha elimu cha Pathway. Tom Jupp, mmoja wa waanzilishi, alitoa kitabu mwaka 1975 pamoja na Susan Hodlin kuhusu Kiingereza cha viwandani.

Tofauti na Highland Park inaanza kabla ya somo la kwanza. Mwalimu hakuja na kitabu kilichokwisha pangwa. Aliingia kiwandani kwanza, akasimama kando ya mashine, akasikiliza nani anazungumza na nani, kuhusu nini, na wapi mazungumzo yanakwama. Baada ya hapo ndipo alipotunga masomo. Darasa lilifanyika palepale kazini, kundi dogo, ndani ya saa za kazi na mshahara ukiendelea. Jambo hili la mshahara linaonekana dogo kwa mwanafunzi wa chuo. Kwa mama mwenye watoto wanne na zamu ya usiku ndilo linaloamua kama atakuja au hatakuja.

Mazoezi nayo yalikuwa ya aina nyingine. Badala ya kufuata mpangilio wa sarufi, walimu walipanga masomo kwa kufuata kazi ambayo maneno yanafanya: kuuliza tena pale ambapo hukuelewa, kuhakikisha agizo, kuripoti hitilafu, kueleza kwa nini hukuja jana. Igizo lilifanywa kwa watu wawili, na sentensi ya pili ilitegemea ya kwanza. Msimamizi anatoa agizo refu na la haraka, mfanyakazi anamkatiza kwa adabu na kulirudia kwa maneno yake: umesema niweke maboksi haya pale, siyo? Zoezi hilo la kurudia agizo ni rahisi ajabu, lakini ndilo linalompa mfanyakazi haki ya kumsimamisha mkubwa wake katikati ya maneno.

Na upande wa pili wa nyumba, wasimamizi na wawakilishi wa chama cha wafanyakazi walikuwa na mafunzo yao mafupi. Walifundishwa kutoa agizo kwa hatua, kuacha kupiga kelele wakidhani sauti kubwa ni tafsiri, na kutouliza umeelewa, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo.

Mfano ulio maarufu kuliko yote nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu unatuhusu kwa namna ambayo vitabu havikuisema. Uliandikwa na John Gumperz, mwanaisimu mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Berkeley, California, na aliyeshirikiana na walimu wa Southall. Umo katika kitabu chake cha mwaka 1982. Katika kantini ya wafanyakazi ya uwanja mmoja mkubwa wa ndege wa Uingereza, waliajiriwa wanawake kutoka India na Pakistan kugawa chakula. Baada ya muda msimamizi wao, na wapakia mizigo waliokuwa wakila pale, wakalalamika kwamba wanawake hao wana kiburi. Nao wanawake wakalalamika kwamba wanabaguliwa. Ukichunguza, maneno waliyosemezana na walaji yalikuwa machache mno. Mtu akichukua nyama, mgawaji anatakiwa kumuuliza kama anataka gravy, ule mchuzi mzito ambao Waingereza humwagia juu ya nyama. Wagawaji wa Kiingereza walisema neno hilo moja huku sauti ikipanda mwishoni. Wanawake hawa walilisema neno lilelile, sauti ikishuka.

Mwalimu alizinasa sauti, kisha akawasikilizisha wote. Mwanzoni wanawake hawakuona tofauti yoyote: neno ni lile lile, kosa liko wapi? Wasimamizi wao walisikia mara moja, lakini hawakuwa wamewahi kueleza ni kitu gani kinachowaudhi. Kwa sikio la Mwingereza, sauti inayoshuka haikuwa swali. Ilikuwa kama kusema: huu hapa mchuzi, chukua au acha. Kwa wanawake, sauti ile ndiyo ya kawaida ya kuuliza kwa heshima. Baada ya kusikiliza na kubishana, kila upande ukajua mwenzake alikuwa anasikia nini.

Hebu sasa jaribu kwa Kiswahili. Sisi hatubadilishi mpangilio wa maneno tukiuliza. Umekula na umekula? hutofautishwa na kiimbo peke yake. Lakini sauti yetu inapanda wapi? Kwa sikio langu, inapanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, halafu inaanguka kwenye ya mwisho. Sema mchuzi? kama unavyomuuliza mgeni, utaisikia. Ukilichukua umbo hilo la sauti ukalivika neno la Kiingereza lenye silabi mbili, sauti itaishia chini. Yaani mama zetu wangetumbukia katika shimo lile lile, na wangeitwa wenye kiburi vile vile, huku wao wakidhani wanakaribisha. Tena wangeshangaa zaidi, kwa sababu kwetu anayegawa chakula husema karibu, na anayeomba husema naomba, na adabu yote imo ndani ya kitenzi. Neno la Kiingereza la kutafadhalisha linabandikwa nje, mwishoni, kama stempu, na wasiojua kulibandika huhesabiwa hawana adabu.

Uzuri wa zoezi la kantini si kwamba wanawake walijifunza kupandisha sauti. Hilo lingeweza kufanywa Highland Park kwa kurudia mara hamsini. Uzuri ni kwamba kinasa sauti kiliwekwa mezani na pande zote mbili zikalazimika kusikiliza.

BBC ilitengeneza filamu juu ya kazi hii mwaka 1979, inaitwa Crosstalk, ambamo Gumperz anaonekana akichambua mazungumzo ya aina hiyo, mojawapo likiwa usaili wa kazi unaoharibika pole pole bila upande wowote kukusudia ubaya.

Wapo waliopinga kazi hii yote, na hoja yao nzito haiwezi kuepukwa. Je, wagomaji wa Loughborough waligoma kwa sababu ya kiimbo? Ukimwambia mtu anayebaguliwa kwamba tatizo ni mawasiliano, umemgeuza kuwa mwanafunzi na kesi yake imekuwa somo. Mfano wa Jayaben Desai unatosha. Aliishi Tanzania kabla ya kuja London, akaajiriwa katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, Willesden, na Agosti 1976 akatoka nje na kuanzisha mgomo uliodumu hadi Julai 1978. Siku aliyotoka alimwambia meneja wake kwamba anachoendesha si kiwanda bali bustani ya wanyama. Kiingereza chake kilieleweka vizuri kabisa. Meneja hakukosa kuelewa kwa sababu ya lafudhi.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema madarasa yale yalikuwa hadaa tu. Walimu wenyewe waliisikia hoja hiyo na wakabadilika kadiri miaka ilivyosonga. Kitabu ambacho Celia Roberts, Evelyn Davies na Tom Jupp walikitoa mwaka 1992 kueleza kazi ile kina neno ubaguzi katika jina lake, sambamba na neno lugha. Na mtu anayeweza kusimamisha agizo na kuuliza maana yake yuko hatua moja karibu zaidi na kuligomea.

Nililiona hili kwa shangazi yangu, mzaliwa wa Mombasa anayefanya kazi ya usafi katika ofisi za mjini. Mwajiri wake alileta mwalimu wa Kiingereza kwa wiki sita, saa ya jioni, baada ya kazi, bila malipo ya muda huo. Shangazi alinipa karatasi za masomo nimsaidie mazoezi. Kulikuwa na igizo la kuchelewa basi, igizo la kuvunja kikombe, igizo la kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. "Mwanangu," akaniambia, "hebu nihesabie, humu mna samahani ngapi?" Nilihesabu kumi na saba. Wiki hiyohiyo karatasi yake ya mshahara ilikuwa na saa tano pungufu, na katika masomo yote hakukuwa na sentensi hata moja ya kuuliza saa zangu ziko wapi. Tukaitunga wenyewe mezani, tukaigiza, mimi nikiwa meneja. Aliniambia ninafanya meneja mpole mno, nikaze uso. Saa tatu kati ya tano zilirudi mwezi uliofuata.

Mtandao wa vituo vya lugha viwandani ulidumu hadi mwaka 1989. Viwanda vingi vya Southall na Leicester vilikuwa vimefungwa au vimepungua, na kazi zilikuwa zimehamia katika usafi, utunzaji wa wazee na maghala, kwa makampuni ya mikataba ambayo wafanyakazi wake hawakai mahali pamoja hata wakatosha kuwa darasa. Kilichobaki cha Southall kiko zaidi vyuoni. Mfano wa gravy unafundishwa karibu kila kozi ya isimujamii, yetu ikiwemo, na katika darasa letu ulichukua dakika kumi hivi, kwa wanafunzi ambao hakuna hata mmoja anayegawa chakula kantini isipokuwa wawili wanaofanya hivyo Jumamosi.